Unga wa Mzee Njoroge na Mdomo Wangu

Langas, Eldoret, Ijumaa jioni

Atieno nyathina, mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana habari, lakini mimi nitakuuliza habari gani na uko chumba cha pili, nakusikia ukibishana na mama yako juu ya blanketi? Yeye anasema Nairobi kuna baridi. Wewe unasema mtu aliyelelewa Eldoret hatishwi na baridi ya Nairobi. Mimi nimefunga mlango wa jikoni na kuwaambia naandika orodha ya vitu vya kununua. Ni uongo mdogo. Nakuandikia wewe.

Nina furaha mpaka naona aibu. Tangu ulipoleta ile barua ya kazi, nimemsomea kila mtu aliyekuja kununua skonzi. Mama wa mboga ameisikia mara tatu, sasa akiniona anapitia upande ule mwingine wa barabara. Jana nilimsomea yule askari wa benki. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa Baba Atieno, hiyo kazi ni ya kufanya nini hasa?"

Nikamwambia, "Binti yangu atakuwa anajenga urafiki na mabloga, na watu wengine ambao wenzao huwasikiliza, ili watu waambiane wenyewe kuhusu bidhaa za kampuni."

Akakuna kichwa. "Yaani atalipwa mshahara kwa udaku?"

Nilicheka mpaka nikaegemea oveni. Bahati yangu haikuwa na moto.

Lakini mimi sikushangaa kama yeye, kwa sababu hiyo kazi naijua. Nimeifanya miaka mingi nikiwa na aproni, bila kujua kwamba ina jina na ofisi na kiti cha kuzunguka. Nimeifanya vizuri. Na kuna siku moja niliifanya vibaya kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mambo ya nauli, kanisa na majirani wa kujihadhari nao, mama yako ameshayamaliza, na mimi sina la kuongeza. Nataka kukuambia kuhusu hiyo siku, na kuhusu yaliyotangulia na yaliyofuata. Sehemu nyingine unaijua. Sehemu moja hujawahi kuisikia.

Unajua kwamba kiwanda cha nguo kiliponiachisha kazi nilikuwa najua kitu kimoja tu, mashine ya kusokota uzi, na hakuna mtu Langas aliyekuwa na mashine hiyo nyumbani. Kuoka nilikumbuka kidogo kutoka kwa shangazi yangu wa Kisumu. Nikajenga jiko la udongo nyuma ya plot yetu ya vyumba vya kupanga, nikaoka skonzi za maziwa lala yaliyoganda. Siku ya kwanza nilioka arobaini. Wateja walinunua tisa. Zilizobaki mlikula wewe na watoto wote wa plot, na mlizisifu sana, lakini sifa ya mtoto mwenye njaa haiuzi kitu.

Ukuta kwa ukuta na mimi palikuwa na duka la Mzee Njoroge. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, na unga wa ngano ambao mimi mwenyewe nilikuwa nanunua kwake. Mzee yule alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya tatu alikuja, akachukua skonzi sita, akalipa, akaenda. Nikafikiri ni za nyumbani kwake. Baadaye nikachungulia dukani. Alikuwa amezikata nusu nusu kwa kisu cha sabuni, na kila mtu aliyenunua kitu alimsukumia kipande.

"Onja kitu ya jirani. Usiponunua ni sawa. Lakini onja."

Kesho yake akafanya hivyo tena, na kesho kutwa. Hakunidai asante, wala hakuniomba nimpunguzie. Nikamwuliza, "Mzee, mbona huwaambii kwamba ni tamu?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa swali la darasa la kwanza. "Nikiwaambia ni tamu, watanibishia. Wakionja, wao ndio wataniambia mimi."

Atieno, yale mafunzo ya wiki mbili utakayofanyiwa huko kazini, mimi nilifanyiwa kwa sentensi moja, na mtu aliyekuwa anapima sukari. Haukuisha mwezi, watu walikuwa wakija kutoka upande wa pili wa Langas, watu nisiowajua, na kila mmoja alianza vilevile: "Nimeambiwa na..." Nimeambiwa na dada yangu. Nimeambiwa na fundi wa viatu. Ulikuwa unasimama mlangoni ukiwahesabu kwa vidole. Hakuna furaha kama kuona mtu mgeni anakuja kwako akiwa tayari anakuamini, kwa sababu mtu anayemwamini amekutaja.

Kumbe kitu hicho hicho kinaweza kwenda upande mwingine.

Ilikuja ile kura. Ulikuwa na miaka minane. Najua unakumbuka moshi, na unakumbuka mama yako akikukataza kuitaja shule yenu mbele ya wageni, wasijue tunatoka upande gani. Matokeo yalipotangazwa mji ulifungwa, simu zikajaa meseji, na kila meseji ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Uvumi mmoja uliozunguka Langas ulisema kwamba unga wa Mzee Njoroge umetiwa kitu. Sitaandika kwa nini ilikuwa unga wake na si wa mwingine. Jina lake unalijua, na kwao unapajua; siku zile watu walihukumiwa kwa hayo mawili.

Siku ya pili walikuja watu wanne kwenye dirisha langu. Mmoja alikuwa mteja wangu wa kila siku. Wale watatu sikuwajua. Mteja ndiye aliyeongea.

"Baba Atieno, wewe ndiye unanunua unga kwa huyu mzee. Ni kweli ametia kitu?"

Asubuhi hiyo nilikuwa nimewapa wewe na mama yako skonzi za unga huohuo. Nilijua ni uongo kama ninavyojua jina la mama yangu. Nikaangalia wale watatu. Mmoja alikuwa ameshika kipande cha chuma, amekishika vizuri tu, kama mtu anayekwenda kazini. Nikasema:

"Mimi sijui. Lakini siku hizi nanunua unga wangu mjini."

Ni hayo tu. Ukiyasoma hapa unaweza kuona ni maneno ya mtu mwenye hofu, na kweli nilikuwa na hofu. Sikusema ametia sumu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nakanda unga ule kila siku. Mtu mwingine angesema hivyo, yangepita. Yakisemwa na mwoka skonzi, ni ushahidi.

Saa kumi mama yako alirudi kutoka bombani na mtungi ukiwa nusu. "Huko wanasema hata Baba Atieno amekataa unga wa Njoroge. Anaogopa kuua watu. Wewe ulisema hivyo?"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema nini?"

Nikatoka nje nikajifanya napasua kuni.

Asubuhi iliyofuata Mzee Njoroge na mkewe, Mama Wambui, waliondoka kwa pikapu ya mtu wa kanisa lao. Walibeba godoro moja na sufuria. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Mzee aligeuka akatazama kwetu, akangoja kidogo, labda alidhani nitatoka kumsaidia kupandisha godoro. Sikutoka. Mchana wakaja wakavunja duka, wakabeba walichotaka, wakalichoma. Ukuta wetu wa jikoni ukaungua pamoja nalo. Mlipouliza, nilisema moto hauna macho.

Wale vijana wangekuja hata kama mimi ningenyamaza. Nimejiambia hivyo miaka mingi, na labda ni kweli. Lakini walikuja wakitaja jina langu.

Na uvumi hauna shukrani. Mji ulipotulia, nikatafuta unga mahali pengine, nikaoka. Hakuna aliyenunua. Mama mmoja aliniambia waziwazi, bila ubaya: "Kama unga ulikuwa na kitu, na wewe ulikuwa unautumia mpaka jana yake, basi ulikuwa unatulisha nini?" Nikavunja jiko, nikaenda kazi za mjengo, kujengea watu nyumba. Wewe ulidhani niliacha kuoka kwa sababu ukuta uliungua. Nilikuacha udhani hivyo.

Nimepumzika kidogo kabla ya kuendelea, nimekuja kukuchungulia. Umelala juu ya sanduku ili lifungike, na mama yako anavuta zipu, mnacheka wote wawili. Naendelea, kwa sababu kuanzia hapa ndipo furaha inaanza, na sitaki uende na ile nusu ya kwanza peke yake.

Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita. Nilikuwa Soy, nje ya mji, tunajenga ghala la mahindi la mkulima mmoja. Saa ya chakula nikaenda sokoni kutafuta chai, na pale kwenye kibanda cha mabati, mtu mwenye kofia ya sufi alikuwa anapima unga. Nikajificha nyuma ya lori. Mtu mzima mwenye mtoto, nimejificha nyuma ya lori la mahindi mpaka kengele ya kurudi kazini!

Nikamwambia mama yako siku hiyo, yote, hata ile "Mimi sijui, lakini." Akaendelea kuchambua mboga. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa nangoja uchoke." Halafu akasema, "Kesho uende kwake. Na usibebe zawadi."

"Kwa nini?"

"Ukibeba zawadi, itabidi akushukuru."

Nikaenda mikono mitupu. Nikasimama mbele ya mzani wake nikasema maneno yangu yote kwa haraka, kama mtoto anayekariri mstari wa Biblia. Watu walikuwa wanapita. Alinisikiliza huku akifunga mfuko wa mteja. Mteja alipoondoka akasema:

"Nilisikia. Nilisikia siku ileile, kabla jua halijatua."

"Ulijua, na uligeuka kututazama?"

"Niligeuka nione kama utatoka uniambie ni uongo. Ungetoka, ningeondoka na hilo tu." Akapangusa unga kwenye mzani. "Mama Wambui alililia duka. Mimi nilimlilia jirani."

Yeye ndiye aliyeuliza, "Bado unaoka?"

"Hapana, Mzee. Watu hawataki."

"Hao watu uliwaambia uongo kwa mdomo. Umewahi kurudi kwao na mdomo huohuo?"

Hakunikumbatia, Atieno. Usifikiri ilikuwa kama sinema. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Aliita mteja mwingine.

Jumamosi hiyo nilianza mlango wa kwanza pale mwanzo wa barabara yetu. Ungekuwa umenifuata ungedhani nauza sabuni. Nilibisha, nikasema: "Mwaka ule wa kura nilisema kwamba siku hizi nanunua unga mjini. Ilikuwa uongo. Unga wa Mzee Njoroge ulikuwa safi, na mtoto wangu aliula asubuhi ileile. Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa." Basi, naenda mlango unaofuata. Wengine walicheka. Mmoja alifunga mlango kabla sijamaliza. Yule mteja wangu wa kila siku, aliyekuja na wale watatu, alinisikiliza akitazama chini, akasema, "Baba Atieno, wengine wetu tungependa hayo yalale." Nikamwambia mimi mwenyewe ningependa, lakini hayajalala.

Ilinichukua Jumamosi nne. Katika Jumamosi ya mwisho nilifika kwa Mama Chebet, yule aliyekuwa analeta maziwa kutoka Sugoi na kuyagawa nyumba kwa nyumba. Alikuwa anaosha mitungi. Nikasema hotuba yangu. Akaweka mtungi chini.

"Umetembea Langas yote kujishtaki?"

"Nimebakisha plot tatu."

"Na hakuna aliyekutuma?"

"Nimetumwa na aibu."

Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akaita jirani yake aje asikie. "Mtu anayejishtaki mwenyewe bila polisi, mkate wake mimi nitakula. Oka, uniletee. Nikipeleka maziwa nitapeleka na skonzi zako."

Nilirudi nyumbani nikikimbia! Mama yako alidhani kuna fujo tena. Wiki iliyofuata nikajenga jiko upya, nikaenda Soy kununua unga, na Mzee Njoroge akanipimia kama anavyompimia mtu yeyote, gramu kwa gramu. Lakini nilipobeba mfuko begani, akasema, "Weka maziwa lala zaidi. Zile za zamani zilikuwa zinakauka jioni." Nilijua hapo kwamba tumeanza tena.

Mama Chebet alipita mlango baada ya mlango na maziwa mkono mmoja na skonzi mkono mwingine. Na alikuwa anaeleza yote! "Huyu ni yule mtu aliyesema uongo akarudi kuufuta." Nilimwomba aache hiyo sehemu. Akakataa. "Hiyo ndiyo inauza," akasema. Alichokubali ni kimoja tu, yeye na majirani, wasiitaje mbele yako.

Sasa mabloga. Wewe ulikuwa karibu kuingia kidato cha kwanza, kwa hiyo kituko cha yule bloga Naliaka unakikumbuka, lakini unakikumbuka kutoka upande wako. Sikia kutoka upande wangu.

Aliingia msichana mwenye miwani na kamera shingoni, akaanza kupiga picha trei zangu. Akauliza hamira natumia gani, maji natoa wapi, naanza kukanda saa ngapi. Nikajua ni afisa wa afya. Nikasukuma ndoo ya maji machafu chini ya meza kwa mguu, nikamwambia skonzi zimeisha, na nyuma yangu trei mbili zilikuwa zinatoa mvuke. Akatabasamu, akaaga. Ukatoka nyuma ukipiga kelele, "Baba! Huyo ni bloga! Anaandika juu ya vyakula vya miji yetu, kila mtu kwetu darasani anamsoma kwa simu ya dada yake!"

Sikujua bloga ni nini, lakini nilijua uso wako. Nikamkimbilia na aproni mpaka stendi, nikiwa na skonzi nne kwenye gazeti. Nilipomfikia sikuwa na pumzi. Nikasema neno moja tu nililokuwa nalo: "Onja."

Alionja amesimama palepale. Wiki iliyofuata wakaja watu kutoka mjini, kutoka chuo, wengine na magari, wakisema, "Tumesoma kwa Naliaka." Ilikuwa ni ileile "Nimeambiwa na" ya zamani, ila sasa dada wa kuambia alikuwa mmoja na wadogo zake walikuwa maelfu. Nilicheza jikoni. Uliniona.

Na furaha ikanipanda kichwani. Nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikamwambia yule kijana wa pale anitafutie mabloga wote wa Kenya, tukawatumia wote barua moja: "Mheshimiwa Bloga, njoo uandike kuhusu skonzi zangu." Mmoja akajibu kwa heshima sana: "Mzee, asante, lakini mimi naandika kuhusu matrekta." Mwingine alikuja, nikampa katoni nzima na karatasi niliyoandika mimi mwenyewe maneno ya kuandika. Akayaandika yalivyo. Nadhani hata hakuonja. Wasomaji wake wakaja wengi kwa siku moja, na mimi nikaharakisha, unga haukuumuka, skonzi zikatoka ngumu. Walimlaumu yeye. Hakuandika tena juu yangu, na mimi simlaumu. Niliazima jina lake nikalirudisha limechafuka.

Ndipo Naliaka akarudi. Alinunua kimya, akalipa, akaenda. Akaandika kwamba skonzi za Langas zimekuwa ndogo na kavu, na kwamba anasikitika kusema hivyo kwa sababu anazipenda.

Ulinisomea wewe. Ulikuwa unalia kwa hasira. Nami nilikuwa na hasira kuliko wewe. Kesho yake dirishani akaja fundi wa redio, mbele ya watu kama kumi, akasema, "Baba Atieno, huyo msichana amekuandika vibaya. Amelipwa na nani?"

Nikafungua mdomo. Na maneno yaliyokuwa yanakuja, nilikuwa nayaona kabisa, yalikuwa: "Mimi sijui. Lakini..."

Mimi sijui, lakini nimesikia kuna bekari mpya mjini. Mimi sijui, lakini wasichana wa siku hizi. Ningemaliza sentensi yoyote, na kufikia jioni Langas yote ingejua kwamba Naliaka anauza kalamu yake. Wangemwamini mwoka skonzi. Nilishika dirisha kwa mikono miwili. Watu walikuwa wananingoja.

Nikasema, "Hajalipwa. Ameandika kweli. Nimekuwa naharakisha. Njooni Ijumaa mwonje, mniambie ninyi."

Halafu nikampigia simu. Aliposikia ni mimi alingoja matusi, kwa sababu watu humtukana. Nikamwambia, "Mama, ile skonzi uliyoila ilikuwa kavu juu au katikati?"

"Katikati," akasema polepole.

"Basi ni kuumuka. Asante." Nikataka kukata, yeye ndiye aliyenizuia, akauliza habari ya oveni, tukaongea nusu saa.

Urafiki ulianza hapo, si pale stendi. Kuanzia siku hiyo nilisoma kila alichoandika, hata kisichonihusu, na nilimwambia nilichoona kizuri. Nilimwonyesha mama mmoja anayekaanga samaki vizuri kuliko wote, aende huko badala ya kwangu. Mtoto wa Naliaka alipougua, mama yako alikwenda kumwona. Miaka miwili hakuniandika na mimi sikumwomba. Siku moja akauliza mwenyewe, "Baba Atieno, huu unga unautoa wapi?" Nikampeleka Soy kwa Mzee Njoroge. Na njiani nikamwambia yote, kama ninavyokuambia sasa. Akaweka kalamu mfukoni. Aliandika juu ya unga na mzee na kofia yake, akaacha hadithi ya uongo wangu. Langas waliijua, lakini kwa wasomaji wake ameitunza mpaka mwaka huu. Watu wanadhani bloga ni mtu wa kusema kila kitu.

Sasa nifike kwenye sababu ya kufunga mlango huu.

Kura zinakaribia tena. Unaona simu. Wiki iliyopita kwenye kundi la plot yetu mtu ameandika kwamba watu wasinunue kwenye duka fulani, na chini yake watu wazima, watu wa kanisa, wameandika "Mimi sijui, lakini." Nikampigia Naliaka nikamwambia, iandike ile hadithi yangu. Weka jina langu. Akasema hawezi bila Mzee Njoroge. Tukaenda Soy wote wawili. Mzee amezeeka sasa, Mama Wambui ndiye anayepima. Mzee akamwambia Naliaka, "Andika. Lakini andika pia kwamba alirudi. Wengi hawakurudi." Hilo neno, Atieno, nimelingoja miaka kumi na nne, na alilisema akiangalia pembeni, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Itatoka Jumatatu. Siku yako ya kwanza kazini. Niliomba ibadilishwe, halafu nikaacha, kwa sababu wagombea wanaanza kurudisha fomu wiki hiyo na maneno hayangoji. Ofisi yako wanamsoma Naliaka, ni kazi yao kumsoma. Mtu atakuja kwenye meza yako na simu akikuuliza, "Huyu si baba yako?" Nimefikiria uso wako wakati huo tangu Jumanne.

Kwa hiyo nataka uisikie kwangu kabla ya kuisikia kwa mtu yeyote. Waliowahi kuniamini katika mji huu ni wengi, lakini wewe ndiye uliyenisifu kwa wale watu wa kazi ulipohojiwa. Ulituambia mezani ulivyojibu: "Nimejifunza kwa baba yangu, watu wanamwamini." Mama yako alinitazama, nami nikaomba chumvi.

Ukiulizwa, sema ukweli wowote utakaotaka kusema. Hata ukisema hunijui, nitaelewa, ingawa tumefanana pua. Na ukiona ni vigumu kufanya kazi na watu wanaojua, kumbuka kwamba wewe hukusema kitu siku ile. Ulikuwa na miaka minane na ulikuwa unakula skonzi.

Lakini nakuambia kweli, nina furaha! Unakwenda kufanya kazi ambayo mimi niliifanya kwa kujikwaa, na wewe unaifanya ukiwa umesoma, una akili ya mama yako, na unajua kucheka. Utakutana na mabloga, watu wa video, watu wa redio, na kila mmoja atakuwa na watu wanaomwamini nyuma yake. Nakuonea wivu kwa kuwafahamu wote hao ukiwa na miaka ishirini na miwili.

Barua hii nitaiweka kwenye mkoba wako, karibu na chaja, mahali ambapo utaiona kesho ukiwa umeshafika. Nimeona nisikupe mkononi. Ningeanza kueleza, na nikieleza nitajitetea.

Ukimaliza kuisoma usinitumie meseji. Nipigie. Sitaoka kesho, nitakaa na simu. Nataka kusikia sauti yako ilivyo, hata kama itakuwa ya hasira.

Baba yako